Smiling Mind kwa watoto wanaoboeka likizo: apu nzuri, ila simu ishike wewe mzazi

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aishie hapa hapa. Smiling Mind ni apu nzuri ya mazoezi ya utulivu, ni ya bure, pakua. Ila usimkabidhi mtoto. Isikilize wewe mwenyewe jikoni huku unakaanga vitunguu, shika mazoezi mawili matatu, halafu simu irudi juu ya kabati na mtoto umfanyishe kwa mdomo wako, kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Mengine yote huku chini ni kwa nini nasema hivyo, na kuna darasa moja la kulipia nalo nitaligusa bila kulitaja jina maana sitaki ugomvi na watu.

Nina wawili, wa kike miaka tisa na wa kiume miaka sita, tunakaa Tabata nyumba ya kupanga, ua upo lakini nusu yake imelaliwa na gari bovu la mwenye nyumba. Mzazi yeyote wa mjini anaujua wimbo wa likizo ya Juni. Saa tatu asubuhi chai imeshanyweka, "mama naboeka". Katuni zimeisha kwa sababu bando limeisha, "mama naboeka". Umeme ukikatika ndo wanaimba kwa kupokezana. Unawaambia kachoreni, hawataki, kasomeni, hawataki, kachezeni nje, huko nje nako bodaboda zinapita mbio kwenye kichochoro roho yako iko juu mpaka warudi ndani, basi unajikuta umetoa simu ili na wewe upate nusu saa ya kupumua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa moja kwa siku kwenye skrini, ikipungua ndiyo bora zaidi. Wangu wameshapita umri huo, kwa hiyo tusiulizane.

Apu yenyewe imetoka Australia, ilianza 2012, na wenyewe ni shirika lisilo la faida. Inafundisha hii maindifulnesi wanayoisema wenzetu, yaani kukaa na kilichopo sasa hivi, pumzi yako, mwili wako, sauti zilizokuzunguka, bila kukimbilia kingine. Unachagua umri wa mtoto, unabonyeza, mtu anaanza kuongea taratibu na kukuelekeza. Vipindi vya watoto ni vifupi, dakika chache tu, na kwa kuwa ni sauti zaidi kuliko picha bando haliumii kama ukiangalia video.

Nijibu kwanza lile swali ambalo najua kuna mtu analo moyoni, kwamba hii si ibada ya watu wengine? Asili yake imetoka kwenye tafakuri za Wabudha, hilo halifichwi. Lakini hii inayofundishwa leo mahospitalini na mashuleni ilipitia kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye 1979 alianzisha programu yake kwenye chuo cha tiba cha University of Massachusetts kule Marekani, wagonjwa wake walikuwa watu wenye maumivu yasiyoisha na msongo, na dini akaiweka pembeni. Vipindi vya watoto nilivyosikiliza hakuna mungu anayetajwa, hakuna maneno ya kurudia rudia, ni vuta pumzi, sikia tumbo linapanda, basi. Mama mkwe wangu, tasbihi mkononi, alisikiliza kimoja mpaka mwisho akasema sawa, ila kwa nini huyu dada anaongea na usingizi.

Sasa watoto. Mkubwa yuko English medium kwa hiyo maneno aliyapata, alilala chini kwenye mkeka akafumba macho akafuata vizuri tu. Mdogo alifungua jicho moja, akauliza huyu anasema nini, nikamtafsiria, akauliza tena, nikatafsiri tena, utulivu gani huo sasa. Halafu kuna jambo lingine nililiona haraka, macho yao hayatoki kwenye simu. Kioo kikizimika wanataka kukigusa kiwake. Kipindi kikiisha swali la kwanza ni "mama tunaweza kuangalia katuni kidogo?" Sio kosa la apu hata kidogo, simu kwao ina maana moja tu, na huwezi kumwambia mtoto tulia na pumzi yako huku umemshikisha kile kile kinachomtoa kwenye pumzi yake.

Hapo ndipo nilipobadilisha. Nikasikiliza mimi, nikachukua zoezi la kulala chali na kuweka kitu juu ya tumbo, nikawafanyisha bila simu. Wenzetu wanaweka mdoli wa dubu, mdogo wangu akaweka gari lake dogo la kuchezea la Hot Wheels, akavuta pumzi gari likapanda mlima, akatoa likashuka, mwenyewe akaanza kuvuta taratibu ili gari lisianguke. Sikumwambia "vuta taratibu". Gari lilimwambia.

Kuna mwanasaikolojia wa York University ya Toronto anaitwa John Eastwood, yeye na wenzake mwaka 2012 waliandika kuhusu kuboeka na maelezo yao kwa kweli yalinisaidia kuliko apu yenyewe. Kwa maneno yangu mimi ni hivi, mtu aliyeboeka hajakosa cha kufanya, anataka kitu kimshike na hakimshiki, akili inatafuta pa kutua haipaoni, na kule kuhangaika ndiko kunakouma. Ukishaelewa hivyo unaona kwa nini orodha yetu ya kachore, kasome, kacheze haifanyi kazi. Mtoto anaongezewa vitu wakati shida yake sio vitu, chumba kizima kina vitu, rangi zipo, madaftari yapo, mpira uko chini ya kitanda. Na simu inakuja inaikamata akili kwa nguvu yeye mwenyewe hajafanya kazi yoyote, ndiyo maana ukiichukua anarudi kuboeka mara mbili ya mwanzo. Haya mazoezi yanafanya kitu kingine, yanampa akili pa kutua padogo tu, sauti moja, pumzi moja, kidole gumba cha mguu, na yeye ndiye anayeipeleka pale. Kwa hiyo msiyatarajie yaue kuboeka. Mtoto ataboeka tena kesho. Kinachobadilika ni kwamba anajua ile hali inavumilika na haimaanishi lazima mama atafute suluhisho ndani ya dakika mbili.

Mahali ambapo niliyaona yakifanya kazi kweli kweli ni saluni. Wenye watoto wa kike mnanielewa, rasta ndogo ndogo ni masaa, mtoto kakaa chini katikati ya magoti ya dada msusi, shingo imekunjwa, matako yanauma, hawezi kugeuka, hawezi kusoma, na kawaida yetu wote ni simu mkononi mwanzo mwisho mpaka chaji iishe halafu ndo kilio kinaanza. Safari hii nikamwambia fumba macho, nitafutie sauti tano ambazo mimi sijazisikia. Akaanza, jenereta la jirani, bangili za msusi, konda anaita Buguruni Buguruni, mama mmoja anabishania bei ya wigi. Ya tano ikamchukua muda mrefu, nikadhani kalala, halafu akasema "mama, rasta inatoa sauti ikisokotwa, karibu kabisa na sikio." Msusi akacheka akasimama kidogo na yeye asikilize. Tukaenda kwenye ngozi, wapi panavutwa, wapi pamekaza, wapi hapaumi kabisa, akawa anapima kila msuko unapofungwa. Nisiwadanganye kwamba alikaa hivyo mpaka mwisho, hapana, ilifika mahali akachoka akaanza kulalamika na nikampa karanga tukapiga stori. Lakini kilio cha kila siku hakikuwepo, na dada msusi akaniuliza leo huyu umempa dawa gani.

Foleni ya kusubiri daktari inafaa pia. Daladala haifai, joto na kelele vimezidi, na mimi mwenyewe siwezi kutulia daladala nitamfundisha nani.

Zoezi la pili ambalo nawapendekezea kwa moyo wote ni la kula. Kabat-Zinn anajulikana sana kwa lile zoezi la zabibu kavu moja, unaiangalia, unaigusa, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna, unasubiri, ndo unatafuna polepole. Zabibu kavu kwetu sio kitu cha kila nyumba labda uwe na ndugu Dodoma, sisi tulitumia ubuyu. Na naomba niseme ubuyu ni bora kuliko zabibu kwa kazi hii, nitabishana na yeyote. Una rangi inayobaki vidoleni, una ukwaju wake na pilipili yake kwa mbali, unga unayeyuka taratibu kwanza sukari halafu uchachu, na ukifika kwenye kokwa huwezi kuitafuna hata ukitaka kwa hiyo hata mwenye pupa analazimika kumumunya. Mdogo wangu ambaye anamaliza pakiti nzima kabla sijarudisha chenji kwenye pochi, alikaa na kokwa moja mdomoni muda ambao sikuamini, akiniripotia kila hatua. "Sasa chachu. Sasa imeisha. Sasa imerudi." Wadogo chini ya miaka minne msiwape, kokwa ni hatari ya kukaba, hao wapeni kipande cha embe.

Kabla ya kuwalaumu watoto kwamba hawajui kutulia, angalieni na sisi. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa University of Virginia na wenzake walichapisha utafiti, watu wazima waliwekwa chumbani dakika 15 peke yao na mawazo yao, hakuna simu hakuna kitabu, kuna kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ile ile ambayo mwanzoni walishaonjeshwa wakasema wangelipa hela wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 wakajipiga. Wanawake ni 6 kati ya 24. Baba watoto nilipomsomea akasema na yeye angebonyeza walau mara moja kuona kama bado kinafanya kazi. Haya.

Niseme pia upande wa pili maana huku mitandaoni kila kitu kinauzwa kama muujiza. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaoitwa MYRIAD, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari za mwanzo, shule zaidi ya 80, walimu wakafundishwa kwanza halafu na wao wakawafundisha watoto. Matokeo yalitoka 2022, na kwa afya ya akili ya watoto hapakuwa na tofauti ya maana na shule zilizoendelea na masomo yao ya kawaida. Watoto wengi hata hawakufanya mazoezi nyumbani. Wengine walisema yanaboa! Mimi nilicheka lakini sikushangaa. Ukimpanga mtoto wa miaka 12 kwenye dawati na wenzake 30 ukamwambia sikia pumzi yako kwa sababu iko kwenye ratiba, hiyo ni hesabu nyingine tu. Hawa wangu ni wadogo kuliko hao, na nyumbani sio shule, lakini anayekuambia mtoto wako atafaulu mitihani kwa kufumba macho anakuuzia kitu.

Ndiyo tunafika kwenye darasa la kulipia. Ni la wikiendi, liko upande wa wenye nazo, shilingi elfu thelathini kwa mtoto kwa kipindi, chumba kizuri kina kiyoyozi, mikeka mipya, mshumaa unanukia mchaichai, bakuli la shaba linagongwa linatoa mlio mrefu na watoto wanatakiwa wanyooshe mkono mlio ukiisha, hilo zoezi la mlio ni zuri sana na nimeliiba, nyumbani natumia sufuria la alumini na mwiko. Shida yangu ilikuwa mwalimu. Kila mtoto aliyefanya fujo alipelekwa pembeni akae kimya afumbe macho "mpaka utulie". Yaani kutulia kumegeuzwa adhabu! Mtoto wangu wa kiume alipelekwa pembeni, alivyorudi nyumbani nikitaja tu "tulale chali" ananiuliza amekosea nini. Ilinichukua muda kulirudisha gari la Hot Wheels tumboni. Kama na wewe mwalimu unasoma hapa, tafadhali, hii kitu ukiitumia kama fimbo mara moja tu umeiharibu, mtoto hasahau. Na muda mwingi alikuwa anaongea Kiingereza wakati watoto karibu wote walikuwa wanaongea Kiswahili kule mlangoni wakivua viatu, sikuelewa anamfurahisha nani.

Kwa wale ambao mtoto wake hawezi kulala chali hata sekunde kumi, wapo, na hawana ugonjwa, kuna Cosmic Kids Yoga ya YouTube, mama mmoja wa Uingereza anaitwa Jaime Amor, wameanza 2012, anasimulia hadithi huku anajinyoosha na watoto wanamfuata, mara chura mara simba, na kuna vipindi vyake vifupi vya Zen Den ambavyo ndivyo vinahusu utulivu moja kwa moja. Mdogo wangu anaipenda kuliko zote. Lakini ni video, kwa hiyo ile hoja yangu ya simu iko pale pale, na YouTube ikimaliza moja inakuletea nyingine, ukienda kuangalia wali umekuta wako kwenye watu wanafungua midoli. Mimi naangalia nao, tukimaliza nazima, halafu kesho yake tunaifanya bila video maana chura ni chura.

Na bibi yao wa Korogwe alivyosikia haya yote aliuliza kwa nini siwafundishi mdako. Nilikaa nikafikiria, kweli, unarusha kokoto juu, unazoa za kwenye shimo, unaidaka ile kabla haijatua, ukiwaza kingine hata kidogo umekosa. Sijui kama kuna mtaalamu atakubali liitwe zoezi la utulivu lakini mkubwa sasa anacheza na jirani yake barazani na neno naboeka limepungua kuliko lilivyopungua kwa apu, na mimi ndo mwandishi wa rivyu kwa hiyo naliweka.

Malalamiko yangu makubwa kwa Smiling Mind ni lugha tu, na sio kwa ubaya. Hawa jamaa wamerekodi mazoezi kwa Kipitjantjatjara na Kingaanyatjarra, lugha za wenyeji wa katikati ya Australia ambazo wasemaji wake ni maelfu tu, na walishirikiana na wenyeji wenyewe. Heshima kubwa. Sasa Kiswahili chenye mamilioni kwa mamilioni kinasubiri nini? Na tusiwasubiri Waaustralia jamani, hapa hapa Dar tuna Ubongo wanaotengeneza katuni za elimu kwa Kiswahili tangu 2014, watoto wote wanawajua, wakirekodi sauti za dakika tano tano za kulala chali, bila picha, za kucheza hata redioni, mimi nitakuwa wa kwanza kusikiliza. Sauti ya bibi lakini, sio ya mtangazaji.

Haya, nyota. Smiling Mind nampa mzazi nne kati ya tano, ukimkabidhi mtoto mwenyewe zinashuka mpaka mbili. Cosmic Kids tatu na nusu, kwa wenye miguu isiyotulia. Darasa la kulipia mbili, moja ya bakuli na moja ya kiyoyozi. Anzeni na mtoto akiwa ameshiba na hajakasirika, katikati ya kilio haiwezekani, na mkiona mtoto anaboeka kila siku mpaka hata vile alivyokuwa anavipenda havitaki tena, halali vizuri, anajitenga, hiyo sio ya apu wala ya ubuyu, mpelekeni akaonwe na mtaalamu. Mwenye swali aulize, nitajibu usiku wakishalala.